Biti Nyekundu Kumi na Mbili

Wewe uliyelishika daftari hili, nakusihi: usimwonyeshe mtu. Usimsomee hata ndugu yako, hata kama ni kwa kucheka. Mimi ni karani wa stoo, nina miezi mitano tu kazini, na karibu kila nilichoandika humu kinaweza kunifukuzisha. Ninalificha ndani ya boksi la glavu za upande mmoja, mahali ambapo hakuna mwenye sababu ya kutia mkono. Ukilikuta, lirudishe hapohapo, na haya yabaki kati yangu na wewe.

2 Machi, Jumatatu

Mvua bado. Vumbi la mawe limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya ulimi.

Karakana yetu hukata mawe kuwa mabamba, huyatoboa mashimo mgongoni, kisha mabamba huenda kufungwa kwa bolti kwenye kuta za majengo. Kazi yangu ni kutoa biti, yaani zile ncha za chuma zinazochomekwa kwenye drili. Kila jiwe lina biti yake. Ili watu wasipoteze muda, biti zimepakwa rangi mkiani: njano kwa jiwe laini, bluu kwa zege, nyekundu kwa jiwe jeusi gumu. Mtobozaji anakuja dirishani, anataja rangi, nampa, anatia sahihi. Chati ya rangi ukutani niliichora mimi kwa rula. Napenda kitu chenye utaratibu.

Leo mtobozaji mkuu kanidhalilisha mbele ya watu. Wanamwita Sikio, kwa sababu hugonga jiwe kwa nyundo ndogo kisha akaliinamia kama daktari. Mimi ameniita Kalamu.

"Kalamu, nipe biti."

"Rangi gani, mzee?"

"Ya kutoboa."

"Taja rangi, niandike."

"Umesoma mpaka wapi wewe?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za msiba.

"Na huko kote hawakukuambia biti hutazamwa mdomoni? Nani hununua ng'ombe kwa kuangalia mkia?"

Foleni nzima ikacheka. Nimefanya kazi yangu bila kosa miezi mitano, halafu mtu anayekwangua meno kwa msumari anifundishe kazi.

Msimamizi alinikuta nimevimba. Akasema, "Achana naye, mwanangu. Ni mzee wa zamani." Akaniuliza kama nimekula. Ndiye mtu pekee hapa anayeniuliza.

3 Machi

Sikio tena. Sina la kuandika ambalo si tusi.

9 Machi, Jumatatu

Leo Sikio karudisha biti nyekundu niliyompa asubuhi. Nikamwambia jiwe ni jeusi, chati inasema nyekundu, anataka nini zaidi. Hakubishana. Alinishika mkono wa shati, akanitoa nje hadi penye mabamba mawili meusi yaliyoegemezwa ukutani, akachomoa ule msumari wake wa meno.

Bamba la kwanza alilikwaruza mara moja. Msumari ukachimba mfereji wa unga mweupe. La pili alilikwaruza kwa nguvu zaidi, na jiwe halikuandikika. Ulibaki mstari unaong'aa tu, wa chuma. Jiwe lilikuwa limeula msumari.

"Hili lililokula ndilo la biti yako nyekundu. Lile jingine ni jeusi kwa ngozi tu, ndani ni laini kama mkwe mpya. Rangi utaniambia nini?"

Kisha akanionyesha ncha. Biti ya jiwe gumu imenolewa kali, hukata kwa kuzunguka polepole, na maji yakidondoka. Biti ya zege ncha yake ni butu, kwa sababu imetengenezwa kugongwa: drili huwekwa kwenye nyundo, ikawa inazunguka huku inapiga. Zege huvumilia kipigo. Bamba la jiwe jeusi halivumilii. Mbele utaliona zima, lakini mgongoni, kuzunguka shimo, limeshapasuka nyufa nyembamba kama nywele.

Mchana nilitafuta kwenye kitabu cha watengenezaji kilichokuwa chini ya mguu wa meza ili isiyumbe. Yote aliyosema yamo. Sijamwambia. Kwani alihitaji kunivuta shati?

12 Machi

Joto. Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaondoka.

14 Machi, Jumamosi

Biti nyekundu zimekwisha. Mabamba ya jiwe jeusi yaliyobaki ni ya zahanati: ishirini na manne, ya kufungwa juu ya baraza ya mlango mkubwa. Naijua baraza ile. Dada yangu ana mimba ya miezi sita, na kila Alhamisi hukaa kwenye mabenchi ya pale akisubiri kupimwa.

Msimamizi kaja na biti za bluu kumi na mbili mpya, na kopo la rangi nyekundu.

"Mwanangu, wewe una mkono mtulivu. Zipake mikia."

"Lakini hizi ni za zege."

"Kiwanda kimoja, chuma kimoja. Tofauti ni rangi tu, na rangi hii hapa."

Nikasema, "Lakini ncha."

"Ncha zina nini?" Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua.

Nikasema hazina kitu.

Naandika hapa kwa kuwa sina pengine pa kuandika: niliziona ncha. Zilikuwa butu zote kumi na mbili. Wiki moja kabla nisingejua, na ningekuwa na usingizi wangu. Nilizipaka, nikazipanga juu ya gazeti zikauke. Kisha, kwa mazoea ya kuandika kila kinachobadilika stoo, nikaandika kwenye daftari la stoo: biti za bluu kumi na mbili zimepakwa nyekundu, kwa agizo la Msimamizi. Tarehe, sahihi yangu.

15 Machi

Rangi haitoki kwenye kucha. Nimejaribu mafuta ya taa, sabuni na mchanga.

17 Machi, Jumanne

Sikio alikuja dirishani, akataja nyekundu. Kwa mara ya kwanza alitaja rangi kama chati inavyotaka, nikajisikia vibaya kuliko siku zote alizonitukana.

Aliigeuza biti akatazama mdomo wake. Akaugeuza mkia. Akaukwaruza kwa ukucha wa dole gumba, na chini ya nyekundu ikachungulia bluu.

"Nani kaipaka hii?"

Mikono yangu ilikuwa juu ya meza. Nikaishusha chini.

"Zimekuja hivyo," Msimamizi akasema kutoka mlangoni. "Fanya kazi, mzee."

"Hii haitaliingia lile jiwe."

"Likigoma, washa nyundo."

"Nikiwasha nyundo nitalipasua."

"Wewe una macho ya kuona ndani ya jiwe?"

"Sina. Nina masikio." Akaiweka biti juu ya meza, mbele yangu, polepole. "Sitoboi kwa hii. Chini ya yale mawe watakaa watu."

Msimamizi hakupandisha sauti. Aliniambia nichukue karatasi niandike kuwa mtobozaji mkuu amekataa kazi aliyopangiwa mbele ya mashahidi. Nikaandika. Mwandiko ulikuwa mzuri, ndilo linaloniudhi zaidi. Sikio aliisoma hadi mwisho, kwa kidole, neno moja baada ya jingine.

"Umeacha kitu," akaniambia.

Nikamsogezea kalamu. Akatia sahihi, akachukua nyundo yake ndogo, akaenda zake. Miaka kumi na tisa katika karakana hii, na aliondoka na nyundo isiyofika uzito wa kiatu.

Mzee yule ni mkorofi, hilo sifuti. Lakini leo alisema kweli mara tatu na akafukuzwa, na mimi nilinyamaza mara tatu nikaulizwa kama nimekula.

18 Machi

Nyundo za drili tangu asubuhi. Meza yangu inatetemeka. Sikio alikuwa akitoboa mashimo kumi na mawili kwa siku, maji yakidondoka. Leo wametoboa arobaini, bila maji. Msimamizi anatembea akitabasamu. Kwenye ukuta wa ofisi yake ameandikisha kwa herufi kubwa: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Nimepita chini ya maneno yale kila siku na leo ndiyo nimeyasoma.

22 Machi

Mvua ya kwanza. Watu wote walitoka nje kuitazama. Mimi nilihesabu siku za kufika Alhamisi.

31 Machi

Mabamba yote ishirini na manne yamefungwa. Wanasema baraza imependeza.

5 Aprili

Mvua.

6 Aprili

Mvua. Kucha zimeota, rangi imebaki kwenye ncha tu, kama hina ya mtu aliyesusa harusi.

9 Aprili, Alhamisi

Niliomba ruhusa nikamsindikiza dada. Mvua ilitukuta njiani, na tulipofika nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Mvua inapokolea, watu wote wa zahanati hukimbilia barazani. Wenye mabenchi, wenye foleni ya dawa, muuza vocha na mwamvuli wake, mpita njia asiyeumwa chochote. Walibanana pale chini ya mawe wakifuta nyuso na kucheka, na kadiri mvua ilivyozidi ndivyo walivyozidi kurudi nyuma, ukutani.

Ilipokatika, jua likatoka. Mabamba yakaanza kukauka. Nilisimama nje nikiyatazama hadi dada akaniuliza nimemwona nani. Jiwe likikauka hupauka. Lakini penye mashimo ya bolti, kwenye mabamba saba niliyoweza kuyahesabu, ilibaki mistari myembamba myeusi isiyotaka kukauka, imetawanyika kama miguu ya buibui. Zile zilikuwa nyufa, zimenywa maji na kuyashikilia. Zilikuwa zimeshatoka mgongoni zikafika usoni.

"Twende, kiuno kinaniuma," dada akasema, akakaa benchi la katikati.

10 Aprili, Ijumaa

Nimemwambia Msimamizi. Nilifanya mazoezi ya maneno tangu alfajiri na bado yalitoka yamevunjika.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha mkono wake mezani, akanionyesha mishipa.

"Na mimi nimepasuka? Jiwe lina mishipa, mwanangu. Ndiyo urembo wake."

"Mishipa haiwezi kuanzia kwenye kila shimo."

Akaurudisha mkono. "Biti zile alizipaka nani?"

"Mimi. Kwa agizo lako."

"Watu wote wa foleni walikuona una rangi kwenye kucha. Mimi nani aliniona na rangi?" Akanisogezea kikombe cha chai. "Kunywa, ipo moto."

Nilikunywa. Nimeudhika hadi vidole vinauma, na bado nilikunywa, nikasema asante.

12 Aprili, Jumapili

Nimekwenda kwa Sikio. Anakaa vyumba viwili nyuma ya duka la vyuma chakavu. Nilimkuta uani anarekebisha bawaba ya mlango. Hakunikaribisha kiti.

"Kalamu umekuja kuandika nini tena?"

Nikamweleza mistari. Hakushangaa. Aliuliza tu: mingapi, inatoka upande gani wa shimo, inakutana au haikutani. Niliposema katika mabamba mawili inakutana, akaacha bawaba.

"Siku ile nilikuuliza nani kaipaka."

"Najua."

"Ulikuwa na ulimi?"

"Nilikuwa nao."

"Basi usinililie hapa." Akainuka akaingia ndani, nikadhani ndiyo kwaheri. Akatoka na nyundo. "Nyuma ya karakana walitupa bamba la fungu lile lile, lilivunjika kona. Kesho saa ya chakula nikute huko."

13 Aprili, Jumatatu

Bamba lilikuwa juu ya kifusi, nje ya uzio. Alilimwagia maji mgongoni, akalifuta kwa shati, akasema tusubiri. Tulikaa juu ya mawe. Lilipopauka, miguu ya buibui ikajitokeza kuzunguka kila shimo.

Akaligonga katikati: likalia kama kengele. Akaligonga karibu na shimo: pu, kama boga lililooza. Kisha akachomeka bolti, akaipinda kwa mkono mmoja tu, mkono wa mzee. Kona nzima ikang'oka kama mkate mkavu.

"Yale ya juu yanashikiliwa na nini?" nikauliza.

"Na mazoea," akasema. "Hayajajua bado kwamba yanaweza kuanguka. Maji yatayafundisha."

Alinipa ile kona. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Nikamwambia aende yeye kusema, yeye ni fundi, watamsikiliza.

"Mimi nina barua ya kukataa kazi, kwa mwandiko wako mzuri. Nikisema, nitaambiwa nina kinyongo. Wewe ndiye mwenye kucha."

16 Aprili, Alhamisi

Nilimsihi dada asiende. Sikuthubutu kusema kwa nini. Nikasema mvua, matope, nikasema nimeota vibaya.

"Wewe msomi mzima unaniletea ndoto?" Akavaa viatu. "Niwaambie wauguzi mdogo wangu kaota?"

Alikwenda. Alirudi. Saa nne zile zimenichosha kuliko mwezi mzima wa kazi, na wa kulaumiwa ni mimi, kwa maana neno moja la kweli lingemketisha nyumbani.

17 Aprili, Ijumaa

Kipande kimeanguka. Asubuhi mapema, kabla ya foleni. Kina ukubwa wa sahani ya wali, na kimepasua ubao wa benchi la katikati.

Watu wa zahanati wamesema ni ndege, ni upepo, ni mtoto karusha. Msimamizi alituma fundi na gundi. Gundi. Amebandika bamba jingine dogo pale palipong'oka, na kufikia saa sita watu walikuwa wamekaa tena, wamelisogeza tu lile benchi kwa upande.

18 Aprili, Jumamosi

Msimamizi kaniletea daftari jipya la stoo.

"La zamani limechafuka. Nakili kurasa zote kwa mwandiko wako, Jumatatu unikabidhi yote mawili. Ule wa tarehe kumi na nne una maneno mengi. Andika tu: biti nyekundu kumi na mbili, zimepokelewa."

Akaongeza kuwa nafasi ya karani mkuu itakuwa wazi mwezi ujao, na kwamba yeye hasahau watoto wake.

Kumbe anajua. Siku zote nilijipa moyo kuwa labda haamini, labda kwake ni mishipa kweli. Mtu asiyejua hafuti. Alijua nilipokuwa napaka, alijua alipokuwa ananiuliza kama nimekula. Na mimi niliyemwogopa Sikio kwa sababu hana adabu, nilikuwa salama mikononi mwa mwenye adabu.

19 Aprili

Nimekaa na madaftari mawili mezani. Sijanakili hata mstari.

20 Aprili, Jumatatu

Sikwenda kazini. Nilikwenda zahanati na mfuko: daftari la zamani, biti moja nyekundu niliyoikwaruza ikaonyesha bluu, na ile kona ya jiwe. Muuguzi mkuu ni mama mfupi mwenye sauti ya kuita majina. Alinisikiliza amesimama.

"Unataka nifunge mlango mkubwa kwa neno la karani?"

"Ndiyo, mama."

"Walioleta mawe wamesema ni salama. Kwa maandishi."

Nikafungua ukurasa wa tarehe kumi na nne. Akausoma. Akaichukua biti, akaigeuza, akatazama mkia.

"Hapana, mama. Tazama mdomo."

Akatazama. Akagusa ncha butu kwa kidole. Kisha akauliza, "Nani kapaka?"

Ni swali lilelile. Nikaweka mikono juu ya meza. Rangi imebaki kwenye ncha ya dole gumba tu, ukucha mmoja.

"Nimepaka mimi. Nilijua si sahihi. Mtobozaji alikataa, nikaandika barua ya kumfukuza, na sababu aliyoisema nikaiacha. Naomba karatasi nyingine niiandike."

Alinipa. Nikaandika yote, pamoja na lile nililoliacha, kwamba chini ya yale mawe watakaa watu. Nikatia sahihi jina langu kamili. Safari hii mwandiko ni mbaya. Muuguzi mkuu akaikunja akaitia mfukoni, akatoka, akaanza kuwainua watu mabenchini kwa ile sauti yake. Mmoja akalalamika kwamba mawingu yanakuja. Akajibiwa kwamba maji hayajawahi kumvunja mtu kichwa.

Mlango mkubwa umefungwa, na baraza imezungushiwa kamba. Lakini kamba ni kamba, na watu ni watu, mvua ikianza watairuka. Kwa hiyo nimeomba kiti.

Mwanzoni nilikusihi ufiche. Sasa ninalipeleka daftari hili kwa Sikio, alisome kwa kidole chake hadi mwisho, kisha ampe anayetaka. Kama umelipata kwake, au kwa aliyelipata kwake, soma kwa sauti.

Ukinihitaji, usinitafute karakana. Njoo zahanati, siku yoyote, tangu asubuhi hadi wanapofunga. Ukifika langoni usinyooke. Kata kushoto, fuata ukuta wa chumba cha dawa, pita nyuma ya tangi la maji, utaona mlango mdogo wa kijani. Wagonjwa wote wanaingilia huo sasa, dada yangu naye. Mimi nipo upande wa mbele, hatua kumi na tano kutoka barazani, kwenye kiti cha plastiki, na nitakuwepo mpaka bamba la ishirini na nne lishushwe. Niite kutoka langoni, nitakuja mimi ulipo. Usikatize barazani kunifuata. Ukikuta mvua inanyesha, nisubiri hapohapo langoni, ulowe.